Video za Maulidi na arusi tuziweke wapi? Tovuti yetu ilizimwa usiku wa kwanza

KijanaWaLangoni | Jumapili, saa 3:40 usiku

Asalam aleikum wanabaraza. Swali langu refu kidogo, mnivumilie.

Sisi ni vijana wanne hapa Lamu, twarekodi Maulidi na arusi. Tuna diski mbili zimejaa, na ndani yake mna kanda za zamani za ami yangu tulizozigeuza faili. Mwaka huu tukasema tusitegemee mtu, tukafungua tovuti yetu. Tukalipia hostingi ya mwaka (kupanga nafasi kwenye seva, kompyuta ya kuwekea tovuti) kwa kampuni moja (jina siliweki) iliyoandika BILA KIKOMO kwa herufi kubwa. Tukaipandisha video ya mkesha: saa 3 nzima, MP4 moja, 1080p (picha kali), GB 10.8.

Jana linki ikaenda kwenye magrupu baada ya Isha: Mombasa, Muscat, Jeddah, London. Matwari ya Maulidi yakasikika dakika 10 hivi, kisha kile kiduara kikaanza kuzunguka. Kufika saa 4 tovuti nzima imefungwa, barua pepe yasema tumetumia "rasilimali kupita kiasi". Bila kikomo gani hii yenye ukingo?

Nauliza wajuao: ni hostingi mbovu, ni intaneti ya Lamu, au ni sisi wenyewe? Na video tuziweke wapi? Bajeti shilingi 3,000 kwa mwezi, tukijibana 4,000.

Punda_Hachoki | saa 3:44

Hebu kwanza. GB 10.8 mulizipandisha kwa bando la nani? Niunganisheni nami.

FundiSeva_Msa | saa 3:58

Waaleikum salaam. Kijana, shika kalamu. GB 10.8 kwa saa 3 ni megabiti 8 kila sekunde. Kila atazamaye ataka 8 zake peke yake, hapa hakuna kula sinia moja. Watu 100 wakifungua pamoja ni megabiti 800 kwa sekunde, na zote zatoka kwenye seva mliyopanga pamoja na tovuti za watu wengine. Hiyo "bila kikomo" huwa ya kurasa na picha. Soma masharti ya chini, yale ya herufi ndogo, utakuta video imekatazwa au imewekewa mpaka kwa jina jingine.

Kwangu mimi ni hostingi. Kesi imekwisha.

Mkizingitini | saa 4:05

Haijakwisha. Mimi niko Kizingitini, kisiwani Pate, na huku baada ya Isha kila video yakwama, hata za majukwaa makubwa yenye seva dunia nzima. Watu wamerudi baharini, wamekula, kila mtu kashika simu. Saa 9 za usiku nikiamka kwenda kuvua, 1080p yateremka kama maji. Seva haijui saa za Kizingitini. Ni mnara wa simu.

BahariDev | saa 4:11

Nyote mwaenda mbali, shida ni faili. MP4 ina sehemu iitwayo moov, ni kama fahirisi ya kitabu: yaeleza picha gani iko wapi. Kamera nyingi huiandika mwishoni kwa sababu haziwezi kuijua mpaka zimalize kurekodi. Basi simu lazima ipakue GB 10.8 zote ndipo ianze kuonyesha. Dawa ni ffmpeg, programu ya kugeuza video, na `-movflags +faststart`, fahirisi yaja mbele bila kuichoma video upya.

Maalim_Kompyuta | saa 4:26

BahariDev, nusu sawa, nusu si sawa. Ingekuwa lazima kupakua zote, hayo matwari ya dakika 10 yalisikika wapi? Kivinjari cha leo huomba faili kwa vipande. Chaomba mwanzo, chakosa fahirisi, charuka kuomba mkia, kisha charudi kuanza. Mradi seva iwe yakubali kutoa vipande, yaani yajibu kwa nambari 206 (chukua kipande) badala ya 200 (chukua zima). Isipokubali, hapo maneno yako ni kweli tupu. Ikikubali, moov ya mwisho huchelewesha kuanza tu, haikwamishi katikati.

Faststart iwekeni hata hivyo, haina hasara.

BahariDev | saa 4:29

Nimekubali maalim. Ila huenda aliyesikia matwari alitazama kwa kompyuta.

KijanaWaLangoni | saa 4:30

Ilikuwa simu. Ya mama.

Ngambo_Muscat | saa 4:52

Salaam kutoka Ruwi. Mimi nina faiba mpaka sebuleni, na ilikwama vilevile, hata nusu saa haikufika. Sasa Mkizingitini anieleze, mnara wa kwao umenifikaje huku?

Mkizingitini | saa 4:55

Muscat iko saa 1 mbele yetu tu. Nanyi mlikuwa usiku, nanyi mlikuwa mwatazama. Faiba nayo hujaa.

Punda_Hachoki | saa 4:56

Huyu hata akiumwa jino atasema ni mnara.

Maalim_Kompyuta | Jumatatu, saa 1:20 asubuhi

Nimelala nikaamka na uzi huu. Naona twachanganya mambo mawili: kuhifadhi na kufikisha. Waweza kuwa na ghala kubwa pale Mokowe, lakini kama gati lina ngazi moja na mashua moja, watu watasubiri mpaka jua liwazamie. Nyinyi mliweka gunia zima mkasema kila mtu aje alibebe kama lilivyo.

Siku hizi video hukatwa vipande vya sekunde 6 hivi. Kila kipande hutengenezwa kwa ukubwa mbalimbali, tuseme 240p, 360p, 720p na 1080p (nambari ikiwa ndogo, picha ni hafifu na nyepesi), na faili dogo la maandishi huiambia simu kila kipande kilipo. Simu yenyewe hupima: njia ikibana yashuka 360p, ikifunguka yapanda. Hiyo ndiyo HLS, Apple waliitoa 2009. Kuna na DASH, ya namna hiyohiyo, iliyopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa 2012, lakini kwa nyinyi chagueni HLS, kwa kuwa iPhone yaifungua bila kuongezewa kitu na kwenye vivinjari vya kompyuta kuna hls.js, programu ndogo ya kuifungua.

Kodeki, yaani njia ya kubana video, tumieni H.264. Ni ya 2003, kizee, lakini sijaona simu Langoni itakayoikataa. AV1 ya 2018 yabana vizuri zaidi, ila simu ya bei nafuu isiyo na chipu yake yaifungua kwa jasho. Betri itakwisha kabla ya dua.

Na mkumbuke mtazamaji ndiye alipaye bando. 1080p yenu yala GB 3.6 kwa saa. 360p ya kilobiti 600 yala MB 270. Mtu mwenye bando la GB 1 kwa faili lenu ataona dakika 16 na kitu, basi.

Punda_Hachoki | saa 1:31

Ngoja ngoja. Dakika 16? Mama aliona 10? Kumbe bando la mama liliisha, na sisi hapa twawashitaki watu wa hostingi!

KijanaWaLangoni | saa 1:50

Nimemuuliza. Asema bando lilikuwepo. Lilikuwa kiasi gani hakumbuki.

Ngambo_Muscat | saa 1:58

Langu halina kipimo, nalo je?

Mpwani_Chaneli | saa 3:15 asubuhi

Mbona mwajitesa? Wekeni YouTube. Bure, vipande wakate wao, seva wajaze wao. Ukithibitisha akaunti kwa nambari ya simu waruhusiwa video ya saa 12 au GB 256, usipothibitisha ni dakika 15. Kurusha moja kwa moja kwa simu wahitaji wafuasi 50 tu. Na ukifika wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa, matangazo yaanza kukulipa.

FundiSeva_Msa | saa 3:22

Saa 4,000 ndani ya miezi 12, na ziwe za video za hadharani. Saa zilizotazamwa zamani, kabla ya miezi hiyo, hazihesabiwi. Wengi huangukia hapo.

QasidaZetu | saa 4:02

Mimi nina kisa. Tulipandisha qasida kwenye jukwaa moja kubwa la bure. Qasida ya mababu, mwenyewe hajulikani. Siku ya pili mtambo wao wa kulinganisha sauti ukasema ni mali ya mtu aliyewahi kuirekodi kwenye albamu. Tukapinga, ikachukua wiki kadhaa, tukashinda. Wiki hizo zote matangazo yalikuwa yakipita katikati ya dua, na pesa si yetu. Wazee walituita wakatuuliza kama tumeanza biashara msikitini. Utawaelezaje?

Mpwani_Chaneli | saa 4:10

Pole sana. Lakini mlishinda.

QasidaZetu | saa 4:11

Tulishinda mtandaoni. Barazani bado twaulizwa.

BintMkomani | saa 8:30 mchana

Naona wanaume mumeshika Maulidi, swali la arusi mumelipita. Mimi ndiyo kazi yangu, napiga video za upande wa wanawake, na nina miaka kwenye kazi hii. Video ile ni ya stara. Bibi arusi kafunuliwa, mashoga zake wamejipamba, nywele wazi, watu wacheza kwa furaha zao. Hapo kasi ya seva haina maana kama anayefungua hatakiwi kuiona.

Mwanzo nilikuwa naweka mahali kwa linki iliyofichwa, ile isiyotokea ukitafuta. Nikampa bibi arusi peke yake. Bibi arusi akampa binamu, binamu akaiweka kwenye grupu la familia, na kwenye grupu mna mashemeji. Hata alasiri haijaadhiniwa nikapigiwa simu kwamba vijana wanaitazama barazani. Nilifuta ile ile saa, lakini nilivyojisikia siku hiyo siwezi kuandika hapa. Linki iliyofichwa haina kufuli. Ni mlango uliorudishwa tu, ajuaye nyumba aingia.

KijanaWaLangoni | saa 8:41

Subhanallah. Sasa wafanyaje dada?

BintMkomani | saa 9:05

Sasa nimegawa. Dakika 2 za mapambo, henna na chumba, bila sura ya mtu, hizo naweka wazi popote na ndizo zanipa wateja. Zima lote naliweka kwenye huduma ya kulipia yenye nywila na linki zenye muda, ikifika saa 48 linki yafa yenyewe. Jina la aliyepewa laandikwa hafifu juu ya picha. Na mteja akitaka kabisa kabisa, nampa flashi mkononi na mtandaoni haiendi.

BahariDev | saa 9:12

Kuna DRM pia, kufuli ya kuzuia kunakili, kama Widevine. Kwenye simu nyingi skrini yawa nyeusi mtu akijaribu kurekodi.

BintMkomani | saa 9:14

Na akichukua simu ya pili akaipiga ya kwanza?

BahariDev | saa 9:15

Hapo hakuna programu.

Wakili_Mtoro | saa 9:40

Na wale warushao watoto wa madrasa: Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 yataka idhini ya mzazi au mlezi kwa data ya mtoto, na sura yake ni data. Karatasi moja ya kusaini kabla ya kuwasha kamera yaondoa maneno mengi.

FundiSeva_Msa | saa 11:20 jioni

Turudi kwenye pesa, Kijana kauliza bajeti. Tuseme watu 100, saa 3, wastani wa megabiti 1 kwa sekunde baada ya kukata vipande. Kila mtu GB 1.35, jumla GB 135. Amazon S3, ghala la kukodi mtandaoni, kwa maeneo yake ya Marekani hutoza kama senti 9 za dola kwa kila GB itokayo, baada ya GB 100 za bure za mwezi. Tusihesabu za bure: ni dola 12. Mngeacha faili lenu la megabiti 8, watu haohao 100 wangetoa GB 1,080, dola 97. Faili baya si kwamba lakwama tu, lafilisi.

Mitandao ya kusambaza (CDN), yenye seva sehemu nyingi karibu na watazamaji, nayo iangalieni bei kwa eneo. bunny.net mara ya mwisho nilipotazama ilikuwa senti 1 kwa GB Ulaya na senti 6 Afrika. Mtazamaji wa London ni rahisi kumfikia kuliko wa Faza kisiwani Pate, na sisi ndio wa Faza.

JuaKali_Net | saa 11:34

Au weka Cloudflare ya bure, nao ni mtandao wa kusambaza, mbele ya hostingi hiyo hiyo. Wana kituo Mombasa hapo. Gharama sufuri.

Maalim_Kompyuta | saa 11:50

Hapana. Masharti yao hayaruhusu kupitishia video kwenye mpango wa kawaida wa CDN, isipokuwa video iwe kwenye huduma zao wenyewe za kuhifadhi au za video. Utatoka kwenye kufungiwa kumoja uingie kwa kwingine. Lakini R2 yao ni ghala lisilotoza kutoka, hulipia kukaa, na maombi ya kusoma na kuandika yakizidi kiwango cha bure; kukaa ni karibu dola 15 kwa mwezi kwa TB 1. Hiyo yaingia kwenye shilingi 3,000 za Kijana, ila kazi ya kukata vipande ni yake.

BahariDev | saa 12:04

Kuna na PeerTube, ya shirika la Framasoft la Ufaransa, programu huria ya kuendesha jukwaa lako mwenyewe la video. Uzuri wake watazamaji hupeana vipande wao kwa wao, seva haielemewi.

Mkizingitini | saa 12:09

Yaani bando nilinunue mimi, limpelekee vipande mtu wa Jeddah?

BahariDev | saa 12:10

Waweza kuzima.

Mkizingitini | saa 12:10

Nimezima tayari, na sijaanza.

SkyWaShela | saa 2:15 usiku

Samahani kuingilia. Nina nyumba ya wageni Shela, nataka video ikicheza yenyewe juu ya tovuti. Haichezi.

JuaKali_Net | saa 2:19

Ina sauti? Vivinjari huzuia video yenye sauti kujianzisha. Toa sauti, kata sekunde 10, ibane hadi MB 2. Mgeni ataka kuona bahari, hataki filamu.

SkyWaShela | saa 2:40

Imecheza. Ahsante.

Mzee_wa_Mtepe | saa 2:55 usiku

Wanangu, mimi siyui moov wala HLS. Nasoma kwa miwani ya mjukuu. Nina neno moya tu. Zile kanda za ami yake Kijana zina arusi za muyi huu na kirumbizi, mtezo wa fimbo, kilichotezwa na watu ambao sasa wako makaburini. Mukishaziweka hizo seva zenu, kanda zenyewe mutazipeleka wapi? Msizitupe.

Maalim_Kompyuta | saa 3:10

Mzee wetu kagusa palipo. Jukwaa si sanduku. Facebook tangu Februari 2025 matangazo mapya ya moja kwa moja hukaa siku 30 kisha yafutwa, na kila jukwaa hubana video yako likaonyesha nakala, si asili. Asili ikae kwenu. Na Kijana, kasema diski mbili: je, zina kitu kilekile? Na zakaa wapi?

KijanaWaLangoni | saa 3:18

Kila moja ina vyake. Zakaa kabati moja, chumba cha juu, dirisha la baharini.

Maalim_Kompyuta | saa 3:19

Lahaula. Hewa ya chumvi, dirisha la baharini. Nakala moja iende nyumba nyingine wiki hii, kabla hatujazungumza seva.

Mzee_wa_Mtepe | saa 3:25

Na ile ya kirumbizi ambayo babake Kijana alipigwa fimbo ya bega akakaa tini, imo?

KijanaWaLangoni | saa 3:26

Imo mzee. Hiyo haipandi.

Punda_Hachoki | saa 3:27

HIYO NDIYO IPANDE.

MashuaExpress | saa 4:00

Mwacheka, mimi nafanya biashara. Nabeba flashi Lamu hadi Faza kila wiki. Flashi ya GB 64 kwa laini ya megabiti 10 yachukua saa 14 ikiwa haikati hata mara moja. Mashua yangu yafika kabla ya chakula cha mchana, na hakuna atakayekwambia umetumia rasilimali kupita kiasi.

FundiSeva_Msa | saa 4:06

Kasi kubwa, ila ukibofya "cheza" wangoja mpaka wiki ijayo.

KijanaWaLangoni | Alhamisi, saa 12:30 asubuhi

Nimerudi na jaribio. Hostingi wametufungulia. Faili lile lile la zamani nikalifungua jana baada ya Isha: likakwama dakika ya 4, nami peke yangu natazama, linki sijampa mtu. Nikalifungua leo alfajiri: dakika 40 bila kukwama. Kisha nikajaribu dakika 20 za mkesha zilizokatwa HLS, nikaziweka kwenye ghala la bure. Baada ya Isha zilianza 240p, nyuso hazijulikani, lakini hazikukwama.

Mkizingitini | saa 12:41

Peke yake na bado limekwama usiku! Alfajiri likapita! Mwataka ushahidi gani tena? Mnara.

FundiSeva_Msa | saa 12:58

Alfajiri hata majirani zake kwenye seva ile wamelala. Jaribio la Kijana lathibitisha langu.

JuaKali_Net | saa 1:07

Na seva yenyewe iko nchi gani? Kama iko Ulaya, njia ya nyaya za baharini yaweza kufika kilomita 10,000. Nuru ndani ya kioo huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, basi kwenda na kurudi ni sehemu ya kumi ya sekunde hata kabla ya foleni yoyote. Pakiti, yaani vipande vya data vilivyo njiani, zikipotea kidogo usiku, seva ya mbali huchelewa sana kupata tena mwendo, ya karibu hurudi upesi. Yaweza kuwa mnara na umbali, wote wawili.

Ngambo_Muscat | saa 1:15

Na mimi je, nisiye na mnara?

Mkizingitini | saa 1:16

Wewe una lako.

BintMkomani | saa 2:30

Kijana, dakika 20 hizo ziko wazi kwa kila mtu? Kuna pahali kamera imepinda kuelekea upande wa wanawake, nimeiona kwenye linki ya juzi. Angalia dakika ya 12.

KijanaWaLangoni | saa 2:38

Umesema kweli dada. Nimeitoa, nakata hapo ndipo irudi. Ahsante.

Punda_Hachoki | saa 2:50

Na mashindano ya punda je? Au nayo ni ya stara?

KijanaWaLangoni | saa 2:53

Inapanda sasa hivi. Asilimia 41.

Punda_Hachoki | saa 4:20

?

KijanaWaLangoni | saa 4:22

43.